Jinsi ya kusoma habari za muungano wa kupambana na ugaidi bila kubabaishwa na idadi ya bendera

Ukisikia nchi 80 na kitu zimeungana dhidi ya magaidi, kama ule muungano wa kupiga ISIS ulioanza 2014, usianze kuhesabu bendera. Anza na ruhusa, nani kawaruhusu kupiga huko? Kwa kawaida ni Baraza la Usalama la UN, au serikali ya nchi husika imewaita, au wanasema wanajilinda kwa ibara ya 51 ya Mkataba wa UN. Ukiona wanababaika hapo jua ugomvi uko njiani. Iraq 2003 iliuzwa kama sehemu ya vita dhidi ya ugaidi, Marekani na Uingereza wakaingia bila azimio jipya la Baraza, Ufaransa na Ujerumani wakagoma, halafu mwaka uliofuata Hispania ikabadilisha serikali na wanajeshi wake wakarudishwa nyumbani. Kwahiyo tazama na kalenda ya uchaguzi ya hao washirika.

Pili tafuta mkataba wenyewe uusome, sio kichwa cha habari. Hapa ndo wengi wanapigwa chenga. Ibara ya 5 ya mkataba wa NATO, ule muungano wa kijeshi wa Marekani, Kanada na nchi za Ulaya, watu wanadhani mmoja akiguswa basi kesho wote wako vitani, hapana bana. Inasema shambulio kwa mmoja ni shambulio kwa wote, sawa, ila kila mwanachama atachukua hatua anayoona inahitajika, ikiwemo kutumia jeshi. Hilo neno "ikiwemo" lisome mara mbili. Ibara hiyo imetumika mara moja tu, baada ya Septemba 11, 2001, na moja ya mambo ya mwanzo NATO waliyofanya ilikuwa kupeleka ndege za rada zikalinde anga ya Marekani, ndo hivyo, Marekani ndo inalindwa.

Na hata wanajeshi wakitumwa uliza wana masharti gani. Afghanistan kila nchi ilikuja na yake, Wajerumani kwa mfano wengi walikaa kaskazini wakati moto mkubwa ulikuwa kusini, yaani kamanda ana majeshi kwenye karatasi lakini akitaka kuyahamisha lazima kwanza apige simu kuomba ruhusa kwa serikali za nchi zao.

Pesa nayo, nani analipa? Kule Somalia askari wa AMISOM, kile kikosi cha Umoja wa Afrika, walitoka Uganda, Burundi, Kenya na kwingineko, ila posho zao zilitegemea sana Umoja wa Ulaya, na 2016 Ulaya ikakata asilimia 20. Anayekufa ni mmoja, anayeshika pochi ni mwingine, hiyo ndoa ina presha.

Usidharau pia zile habari zisizo na bunduki. Azimio 1373 la Baraza la Usalama la mwaka 2001 linalazimisha nchi zote za UN kufunga akaunti na kuzuia mali za wanaofadhili ugaidi, kwangu mimi limegusa maisha ya watu wengi kuliko mabomu. Shida ni kwamba halikusema gaidi ni nani hasa, na mpaka leo UN hawajakubaliana maana moja, kila nchi inajiandikia sheria yake, na kuna serikali zimeitumia nafasi hiyo kuwafunga wapinzani. Kwahiyo serikali ikisema "tunashirikiana na dunia kupambana na ugaidi" kaangalie sheria yao ya ndani inamuita nani gaidi.

Halafu lile swali la ruhusa usiliulize siku ya kwanza tu, lirudie kila mwaka, maana aliyekukaribisha anaweza kukufukuza. Ufaransa iliingia Mali Januari 2013 kwa kuombwa na serikali, mwezi uliofuata Rais wao Hollande akapokelewa Timbuktu kwa shangwe kabisa. Yakaja mapinduzi ya 2020, yakaja mengine 2021, wakubwa wapya wakakosana na Paris, na Agosti 2022 kikosi cha mwisho cha Ufaransa kikavuka mpaka kikaondoka, magaidi wakiwa bado wapo.