Jinsi ya kulinda viota vya kitwitwi Elementaita bila wewe kuwa ndo unaviharibu

Kama mmeamua kujitolea kuangalia ndege wanaotaga kwa ufuo wa ziwa Elementaita, mjue mapema kwamba anayeweza kukanyaga mayai kirahisi ni yule yule aliyekuja kuyalinda. Hawa ndege hawana habari na miti, kiota ni kashimo tu kwa mchanga ama tope lililokauka, na mayai yana rangi ya hapo hapo chini. Kitwitwi ndo mjanja kabisa, akikuona unakuja anapiga mchanga na miguu haraka haraka mpaka mayai yake mawili yafunikwe ndo aondoke, kwa hivyo wewe unaangalia chini huoni kitu, labda udongo umechimbuka kidogo tu, unapiga hatua, basi.

Ruhusa kwanza. Ziwa hili liko kwa urithi wa dunia tangu 2011 pamoja na Nakuru na Bogoria, na kuna sehemu za ufuo zenye wenyewe, kwa hivyo ongeeni na KWS (shirika la serikali la wanyamapori) na mwenye shamba kabla hamjabeba darubini.

Mkishafika msitembee mkitafuta mayai. Kaeni mbali, mahali pamoja, mtulie, mwangalie ndege. Akikimbia kidogo, anasimama, anakimbia tena, alafu anakaa chini na kujitingisha tumbo, hapo ndo kiota kiko. Chagueni alama mbili za kudumu, mwamba na mti kwa mfano, mpige picha kutoka hapo mlipokaa, muandike. Msiweke kijiti kando ya mayai maanake kunguru si mjinga, anajifunza haraka sana kwamba kila kijiti kina chakula, na mbwa naye anafuata harufu ya viatu vyenu.

Wakati mzuri wa kwenda ni asubuhi, saa moja hadi saa tatu. Jua likishapanda ndege halalii mayai ili yapate joto tena, anasimama juu yake kuyapa kivuli, na wengine kama yule mkubwa mweusi na mweupe anayelia tink tink kama fundi anagonga chuma, huenda kulowesha manyoya ya tumbo majini alafu anarudi kuyapoza. Sasa mkimfukuza saa sita mchana mkipiga selfi, dakika chache tu na mayai yameiva. Akianza kuburuta bawa kama limevunjika, hajaumia, anakuvuta utoke pale. Usimfuate, na pia usiendelee mbele, rudi kwa nyayo zako mwenyewe.

Kazi yenyewe hasa, na hii watu wengi hawaipendi kwa sababu haina picha nzuri, ni kuongea na wachungaji. Maji ya ziwa ni ya magadi, ng'ombe hawaji kuyanywa, wanakuja kwa chemichemi, kama zile za Kekopey, na kwa nyasi za ukingoni, na karibu kila siku wanapita njia ile ile. Kwa hivyo msianze na kamba. Anza na salamu, "habari ya asubuhi mzee, ng'ombe wanashukia wapi wakienda Kekopey?", umsikize mpaka amalize, alafu mkubaliane njia isogee kidogo kwa mwezi mmoja tu, maanake mayai yanachukua kama wiki tatu hadi nne hivi. Mkishaelewana ndo mnaweka vijiti na kamba, na viwe mbali na kiota, vizunguke eneo kubwa lisiloonyesha katikati kuna nini. Vijana wanaochunga wakiwa upande wenu watawaambia mambo ambayo hamngeyaona hata mkilala hapo. Kamba peke yake ng'ombe anaikata akipita.

Kwa daftari andikeni tarehe, saa, ndege gani, amelalia ama hayuko, mifugo ama mbwa walikuwa karibu, maji yamefika wapi. Hiyo ya maji msiiruke, haya maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda sana miaka ya karibuni na kiota cha ukingoni kinaweza kuzama. Msihamishe mayai hata kama roho inauma, mzazi anarudi pale pale alipoyaacha, na sheria ya wanyamapori ya 2013 pia haiwapi nafasi ya kuyashikashika. Kiota kikiwa kitupu na ndege ameshahama, mtu mmoja aende aangalie: vipande vidogo vidogo vya ganda chini kabisa kawaida ni dalili nzuri wametotolewa, ganda kubwa lenye kiini limepakaa ujue kuna aliyekula.

Na mahali pa viota msipaweke kwa status.

Vifaranga wakitoka hawakai, siku hiyo hiyo wanakimbia na kujitafutia chakula, wakiona hatari wanalala chini bila kusonga. Ukimpata mmoja amelala hivyo si yatima, mwache. Kamba sasa haina maana sana, iondoeni, ila mwambieni mchungaji vifaranga wako wapi leo, na kesho mumwambie tena kwa sababu watakuwa wamesonga.