Unataka kuaplai masta nje? Anza na karatasi zilizoko kwa watu wengine

Wengi tukiona tangazo la skolashipu tunakimbilia kuandika ile barua ya kujieleza, tunaandika tunafuta wiki tatu nzima, halafu zikibaki siku kumi ndo tunakumbuka transkripti iko chuoni. Mimi nilifanya hivyo hivyo. Barua ni yako, unaweza kuimalizia hata saa nane usiku ukiwa kitandani, ila transkripti ina mtu wa kuisaini na huyo mtu yuko likizo.

Kwa hiyo anza chuoni. Kama hujamaliza ile fomu ya klirensi, ya kuonyesha hudaiwi kitu chuoni, usitegemee kupewa kitu, mimi nilikwamishwa na kitabu cha maktaba cha mwaka wa pili ambacho hata sikumbuki kukiazima, nikalipa yakaisha. Ukiipata skani kurasa zote, na NYUMA pia, maana nyuma ndo mara nyingi kuna maelezo ya madaraja. GPA yetu hapa Tanzania ni ya 5.0, Upper Second inaanzia 3.5, sasa mtu wa Marekani akiona 3.8 bila hayo maelezo atadhani ni ya 4. Usiigeuze mwenyewe kwa kikokotoo cha mtandaoni, iache kama ilivyo. Na kama unapita WES, wale wanaotathmini vyeti vya nje kwa ajili ya Marekani na Kanada, transkripti inatumwa na chuo chenyewe, ikiwa ya karatasi inakaa kwenye bahasha iliyofungwa, ukiifungua tu kuchungulia imeshaharibika.

Halafu majina. Toa mezani cheti cha kuzaliwa, cha form four, cha digrii na pasipoti, soma herufi kwa herufi. Mohamed hapa, Mohammed pale, jina la babu lipo kwenye kimoja kwingine halipo. Kwetu hakuna anayejali, huko mfumo unaona watu wawili. Tofauti ndogo mara nyingi inamalizwa na kiapo cha majina kwa wakili, ila fanya mapema kabla hujaomba pasipoti. Pasipoti ni shilingi 150,000, wanataka NIDA na cheti cha kuzaliwa, na ndo hiyo hiyo utajisajilia IELTS, ule mtihani wa Kiingereza. Majibu ya IELTS yanaisha baada ya miaka 2 na mtihani sio bei rahisi jamani, uliza kwanza kama chuo unachotaka kinakubali barua ya kuthibitisha ulisoma kwa Kiingereza, vingine vinakubali.

Sasa wa kukuandikia rekomendesheni, hapa ndo roho inapanda juu. Chagua anayekufahamu kweli, sio profesa mwenye jina kubwa aliyekufundisha ukiwa mmoja kati ya watu mia nne. Omba barua pepe yake ya kazini, Gmail nyingi hawazipendi. Mpe CV yako, transkripti, jina la kozi na dedilaini ya uongo, yaani siku kumi kabla ya ile ya kweli. Mimi nilimwandikia, "Shikamoo Dokta, samahani nakukumbusha ile linki ya kuweka rekomendesheni," akanijibu siku ya pili, "Marahaba, nipo kijijini mtandao shida, J3." J3 yenyewe linki ilikuwa imeangukia kwenye spam. Mpigie simu, usione aibu.

CV sio kazi kubwa, ila soma wanataka muundo gani, DAAD kwa mfano, wale wa skolashipu za Ujerumani, kwenye kozi zao za maendeleo wanataka ya Europass (muundo wa CV wa Ulaya) iliyosainiwa kwa mkono, na digrii isiwe imepita miaka 6. Vyuo vingi vya Ujerumani vinapitia uni-assist, ofisi inayokagua maombi ya wanafunzi wa nje, euro 75 ombi la kwanza na 30 kwa kila linalofuata muhula huo huo, kwa hiyo nenda benki mapema wakuwezeshe kadi kulipia mtandaoni, nyingi zinakuja zimefungwa.

Kuskani kwa simu sawa tu, ila toa yale maandishi ya CamScanner chini, na faili lipe jina lako na la hati, sio "doc final final 2".

La mwisho ni saa. Wakiandika saa 12:00 mchana GMT hapa kwetu ni saa tisa alasiri, sio saa sita. Na Tanesco nao wana ratiba yao, tuma jana yake.