Namna ya Kukokotoa Uwiano wa Umeme wa Kituo cha Data Nchini Ujerumani

Sheria ya Ujerumani ya matumizi bora ya nishati, iliyopitishwa mwaka 2023, inavihusu vituo vya data (majengo yenye seva, yaani kompyuta za kuhifadhi na kuchakata taarifa) vyenye uwezo wa kilowati 300 na kuendelea, hivyo hakikisha kwanza kwamba kituo chako kimo katika kundi hilo. Kisha soma mita mbili: ya umeme wote unaoingia, na ya umeme unaofika kwenye seva na vifaa vya mtandao peke yake. Gawanya ya kwanza kwa ya pili; jibu ndilo uwiano wa umeme, na likiwa dogo, umeme mchache zaidi unapotea nje ya seva. Kituo kilichotumia kilowati-saa 1,300,000, huku seva zikila 1,000,000, kina uwiano wa 1.3, zilizobaki zimeishia zaidi kwenye kupoza mitambo.

Usitegemee mita za Januari peke yake, kwa maana baridi hupunguza kazi ya mitambo ya kupozea na kukupa tarakimu ya kujidanganya, ilhali sheria inataka wastani wa mwaka. Kituo kilichoanza kazi kabla ya Julai 2026 kinatakiwa kisizidi 1.5 kuanzia Julai 2027. Ukizidi, kabla ya kununua mtambo mpya (wauzaji watakushawishi), ziba kwanza mianya inayochanganya hewa moto na baridi katikati ya safu za seva.