Kufikiria Tiba ya Homoni za Kukoma Hedhi Ikiwa Uliwahi Kupata Bonge la Damu

Mwanamke aliyewahi kupata bonge la damu mguuni au mapafuni, kisha akafikia umri wa kukoma hedhi na kusumbuliwa na joto la ghafla na jasho la usiku, mara nyingi huambiwa kwa mkato kwamba homoni hazimfai. Jibu hilo lina msingi, lakini halijakamilika, na anastahili kuelezwa zaidi.

Anza kwa kuandika historia yako kabla ya kumwona daktari: bonge lilitokea lini, katika mshipa gani, na hasa lilisababishwa na nini. Bonge lililofuata upasuaji mkubwa halipimwi sawa na lililojitokeza bila sababu, na lililotokea wakati wa ujauzito au ulipokuwa ukimeza vidonge vya uzazi wa mpango linaashiria kwamba damu yako huathiriwa na homoni. Taja pia ndugu wa damu waliopata tatizo hilo.

Jambo la kuelewa vizuri kuliko yote ni njia ambayo homoni hupitia. Estrojeni, homoni kuu ya tiba hii, ikimezwa hupita kwanza kwenye ini, nalo huongeza protini zinazogandisha damu. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2000, uliohusisha wanawake 140 waliowahi kupata mabonge, ulisimamishwa mapema kwa sababu 8 kati ya waliomeza homoni walipata bonge tena, ilhali kwa waliomeza vidonge visivyo na dawa alikuwa 1 tu. Kwa maoni yangu, hapo vidonge vya estrojeni havina nafasi kwako. Estrojeni ya kiraka au jeli huingia kwenye damu kupitia ngozi bila kuanzia kwenye ini, na tafiti za Ufaransa hazikuona ongezeko kama hilo. Hata hivyo, tafiti hizo zilifuatilia watumiaji tu, bila kuwagawa kwa kura nani atumie na nani asitumie, na hivyo hazitoi uhakika kamili; kwa hiyo kiraka ni suala la kujadiliwa na daktari bingwa wa magonjwa ya damu akishirikiana na daktari wa wanawake. Ikiwa bado una mfuko wa uzazi, utahitaji pia projesteroni, homoni inayoukinga ukuta wa mfuko huo dhidi ya estrojeni; uliza kuhusu ile inayofanana na ya mwili, kwani baadhi ya zile za kutengenezwa zimehusishwa na mabonge zaidi.

Ikiwa kinachokusumbua ni ukavu wa uke pekee, hutibiwa kwa estrojeni ya kiwango kidogo ya kupaka, ambayo huingia kwenye damu kwa uchache sana. Kwa joto la ghafla zipo dawa zisizo za homoni, kama venlafaksini na gabapentini.

Usiache dawa ya kuzuia damu kuganda kwa uamuzi wako, na ikiwa unatumia walfarini, mojawapo ya dawa hizo, mweleze daktari kila dawa ya mitishamba unayotumia. Ukiona mguu mmoja umevimba na kuuma, au ukipata maumivu ya kifua au kukosa pumzi ghafla, nenda hospitali saa hiyo hiyo.