Programu ya Muziki Inapoanza Kutolewa Bure: Ya Kukagua Kabla ya Kubofya "Nakubali"

Mwezi Novemba 2017 kampuni ya Gibson ilitangaza kwamba inasitisha uendelezaji wa SONAR, programu ya kurekodia na kuchanganyia muziki iliyokuwa imeuzwa kwa miaka mingi chini ya jina la Cakewalk. Waliopata pigo kubwa zaidi ni wateja walioahidiwa mwaka 2016 kwamba wangepata masasisho ya maisha yao yote. Februari 2018 kampuni ya BandLab Technologies ya Singapore ikanunua haki miliki za Cakewalk, na miezi miwili baadaye programu ile ile ikatolewa bure kwa jina la Cakewalk by BandLab. Furaha ilikuwa kubwa, na kwa haki. Hata hivyo, aliyetaka kuitumia alilazimika kufungua akaunti ya BandLab, na uidhinishaji wake ulihitaji kuhuishwa kwa intaneti kila baada ya muda. Mnunuzi mwenye namba yake ya leseni akawa mwanachama wa huduma, na mabadiliko hayo ndiyo ya kuyachunguza kila programu ya kulipia inapotangazwa kuwa ya bure.

Kabla ya kupakua chochote, linda ulichokwisha kununua. Hifadhi faili la usakinishaji la toleo la zamani, namba ya leseni na risiti mahali pawili tofauti, na usiliondoe toleo hilo kwenye kompyuta kwa sababu tu jipya limekuja. Toleo la bure mara nyingi huja pungufu: Cakewalk by BandLab haikuja na vifaa vya kampuni nyingine vilivyokuwa vikifungashwa na SONAR Platinum, kama vile Melodyne ya kurekebisha sauti na Addictive Drums ya kupigia ngoma, kwa kuwa aliyenunua Cakewalk hakununua haki za wengine. Mradi wa zamani unaweza kufunguka vizuri katika programu mpya, ila ngoma zikawa kimya kwa sababu programu-jalizi (kiongezo kinachofanya kazi ndani ya programu kuu) iliyokuwa ikizipiga haipo.

Hatua inayofuata ni kujua ni bure ya aina gani. Iko programu isiyotozwa bei lakini msimbo wake, yaani maandishi ya kompyuta yaliyoiunda, ni siri ya mwenyewe, na iko programu huria, ambayo leseni yake inamruhusu yeyote kuusoma msimbo, kuubadilisha na kuusambaza. Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, ni ya aina ya pili, chini ya leseni huria iitwayo GPL, na watumiaji hawajawahi kutozwa bei. Lakini ilipoingia mikononi mwa kampuni ya Muse Group mwaka 2021, mapendekezo ya kukusanya taarifa za matumizi kupitia huduma za Google na za Yandex, kampuni ya Urusi, yalizua upinzani mkali hadi yakaondolewa, kisha notisi ya faragha ya Julai mwaka huo ikawasha moto upya. Leseni huria inakupa haki juu ya msimbo. Haikuhakikishii kwamba data yako haitakusanywa. Faida yake ni kwamba wasioridhika wanaweza kuuchukua msimbo na kuuendeleza kivyao, kama walivyofanya waanzilishi wa Tenacity, programu iliyotokana na msimbo wa Audacity. Watumiaji wa programu yenye msimbo wa siri hawana njia hiyo.

Sasa soma masharti, na usiyasome yote kwa uzito mmoja. Tafuta kifungu kinachozungumzia maudhui ya mtumiaji. Programu inayofanya kazi ndani ya kompyuta yako peke yake haina sababu ya kuomba haki yoyote juu ya nyimbo zako. Huduma inayohifadhi nyimbo kwenye seva zake na kuwachezea wasikilizaji inahitaji ruhusa fulani, la sivyo itakuwa inanakili kazi yako bila idhini. Kwa hiyo kukuta neno leseni hapo si balaa. Yanayofaa kukushtua ni maneno yanayoongezwa juu yake: kwamba ruhusa hiyo ni ya kudumu na haiwezi kubatilishwa hata ukifuta wimbo, kwamba wanaweza kuihamishia kwa wengine, au kwamba kazi yako inaweza kutumika kufundishia akili mnemba. Kifungu cha namna hii ya mwisho kiliiletea SoundCloud, huduma ya kupakia na kusikilizia muziki, lawama mwezi Mei 2025. Ilijibu kwamba haijawahi kutumia kazi za wasanii kwa lengo hilo, kisha ikaahidi kurekebisha maneno. Kumbuka kwamba kinachokufunga ni maandishi, hata kama nia ya kampuni ni njema.

Upande wa faragha unapimika kwa vitendo. Fungua akaunti kwa barua pepe isiyo ile ya benki na ya kazini, usiiunganishe na akaunti za mitandao ya kijamii, na uzime kila kisanduku cha kutuma taarifa za matumizi na ripoti za hitilafu. Kisha kata intaneti, fungua programu, rekodi kitu kidogo na ukihifadhi. Ikikataa, umejua mapema kwamba kazi yako inategemea seva ya mtu mwingine. Ripoti ya hitilafu watu huidharau, ilhali inaweza kubeba njia kamili ya faili, yaani jina lako kama lilivyo kwenye kompyuta, jina la msanii unayemrekodi na jina la wimbo ambao haujatoka.

Umiliki wa wimbo na umiliki wa faili la mradi ni mambo mawili. Hakimiliki ya wimbo ni yako wewe na wenzako mlioutunga, lakini faili la mradi linasomeka vizuri na programu moja tu, na programu hiyo si yako. Kwa hiyo kila mradi unapokamilika, toa kila njia ya sauti (track), yaani kila chombo au sauti iliyorekodiwa peke yake, kama faili la sauti la WAV la biti 24, zote zikianzia mwanzo wa wimbo hata pale chombo kinapoingia katikati, ili zikiwekwa katika programu nyingine zipangane zenyewe. Ala za kidijitali zigeuze ziwe faili za sauti, lakini hifadhi na faili la MIDI, linalobeba noti zenyewe, pembeni, na uandike mwendo wa wimbo, ufunguo wake na mipangilio ya athari muhimu. DAWproject, umbizo la faili la kuhamishia miradi kati ya programu lililoletwa mwaka 2023 na kampuni za Bitwig na PreSonus, hupunguza kazi hii pale programu zote mbili zinapolikubali.

Sampuli na vitanzi (vipande vya sauti vinavyojirudia) vinavyokuja na toleo la bure vina leseni yake. Nyingi huruhusu kuuza wimbo uliovitumia, lakini haziruhusu kuviuza vyenyewe, na kwa kuwa kila mtu anavyo, kusajili wimbo uliosimama juu ya kitanzi kimoja kitupu kwenye mifumo ya kutambua sauti ni kujitafutia mgogoro.

Tena, bure ya leo haina mkataba na kesho: mwaka 2023 BandLab yenyewe ilitangaza matoleo mapya ya kulipia, Cakewalk Sonar na Cakewalk Next. Ukiamua kuondoka, fuata mpangilio huu. Kwanza toa miradi yote ikiwa ingali inafunguka, kisha omba nakala ya data yako, haki ambayo sheria ya ulinzi wa data ya GDPR inawapa walio Umoja wa Ulaya tangu 2018 na ambayo sheria za nchi nyingine nyingi pia zinaitambua. Baada ya hapo futa ulichopakia kwenye seva, na akaunti uifute mwisho kabisa, kwa sababu ikifutwa, uidhinishaji wa programu unaweza kwenda nayo.