Jinsi ya kuisoma slipu ya mshahara bila kudanganywa na maneno ya kantini

Mambo mengi watu wanayoyaamini kuhusu mshahara wameyasikia kantini, na aliyewaambia naye aliyasikia hukohuko kantini. Kwa hiyo toa slipu yako, weka mkataba pembeni, fungua kikokotoo cha simu tuanze. Namba nitakazotumia hazina sarafu, we weka ya kwako.

Anza na mstari wa juu, mshahara wa msingi. Mtu akipewa ofa macho yanakimbilia jumla, akiona 1,000 basi anasaini, kumbe 1,000 na 1,000 zinaweza zisiwe sawa hata kidogo. Chukulia ofa mbili: ya kwanza msingi 900 na posho 100, ya pili msingi 500 na posho 500. Mwezi wa kwanza utaona kama hazina tofauti, ila sehemu nyingi ovataimu, kiinua mgongo, na wakati mwingine hata mchango wa pensheni vinapigiwa hesabu kwenye msingi tu, posho haziguswi, na hali ikiwa ngumu posho ndo za kwanza kufyekwa. Kabla hujasaini uliza hivi: kati ya vitu nitakavyolipwa, vipi vinahesabiwa kwa msingi na vipi kwa jumla? Na waandike, wasikujibu kwa mdomo.

Sasa ovataimu, hapa ndo watu wanaliwa kimyakimya. Kwanza ile imani kwamba ukilipwa kwa mwezi huna ovataimu. Hapana. Mkataba namba 1 kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, ulihusu viwanda na uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki, na saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na robo ya kawaida. Waliowekwa pembeni ni wasimamizi, mameneja na wale wenye kazi za siri za ofisi, haukusema anayelipwa kwa mwezi. Marekani nako, kwa sheria yao ya 1938, kulipwa mshahara wa mwezi peke yake hakukuondolei haki hiyo, wanaangalia pia kiasi unacholipwa na kazi unayofanya kweli, sio cheo kilichoandikwa kwenye kitambulisho (wapo "mameneja" wengi tu ambao hawana hata mtu mmoja wa kumwongoza, na cheo kilikuja mwezi uleule ovataimu ilipoanza kuwa nyingi). Sheria ya nchi yako ndo itakayosema nani anastahili, we usikubali tu jibu la "nyie wa mwezi hamna."

Ukishajua unastahili, piga hesabu mwenyewe. Kama unafanya saa 48 kwa wiki, zidisha kwa wiki 52, gawanya kwa miezi 12, unapata saa 208 kwa mwezi. Msingi wa 900 ukigawa kwa 208 saa moja ni kama 4.33. Ila kuna ofisi zinachukua siku 30 mara saa 8, wanapata 240, yaani kama vile hupumziki hata siku moja, na hapo saa yako inashuka mpaka 3.75. Umefanya saa 20 za ziada kwa kiwango cha mara moja na nusu: kwa hesabu ya kwanza unapata kama 130, kwa ya pili 112.5. Na yule wa msingi 500, hata akitumia 208, anapata kama 72 tu kwa saa zilezile na jasho lilelile. Sheria za baadhi ya nchi zinataja kigawanyo chenyewe (hiyo 208 au 240 unayogawia) kwa hiyo kiangalie kwanza kabla hujaenda kugombana na mtu. Ukiona haviendani, usiingie ofisini na hasira, tuma ujumbe mfupi tu: "Habari za kazi. Naomba kufahamishwa namna ovataimu yangu ya mwezi huu ilivyokokotolewa: mshahara uliotumika, idadi ya saa, kigawanyo na kiwango cha malipo. Asante." Mara nyingi wenyewe wakianza kuandika jibu ndo wanaona walipokosea.

Kodi. Hii ya "usikubali nyongeza, utapanda daraja la kodi uishie kupata kidogo" sijui itakufa lini. Kodi ya mapato ya madaraja inavyofanya kazi, kiwango cha juu kinagusa ile sehemu iliyovuka mstari tu, sio mshahara wote. Tuseme 500 za kwanza zinakatwa asilimia 10 na zinazozidi hapo asilimia 30. Ulikuwa unapata 490, kodi 49, unabaki na 441. Ukapandishwa mpaka 520: zile 500 zinakatwa 50, zile 20 zinakatwa 6, jumla 56, unabaki na 464. Umeongezeka 23. Kinachoweza kukuumiza kweli ni msaada au ruzuku inayokatika ghafla ukivuka kipato fulani, hiyo iulizie, lakini daraja la kodi lenyewe wala lisikunyime usingizi.

Asilimia nazo zina ujanja wake. Wakati wa hali ngumu mnakatwa asilimia 20, mambo yakitengemaa mnatangaziwa nyongeza ya asilimia 20 na watu wanapiga makofi. 1,000 ikikatwa inabaki 800, na asilimia 20 ya 800 ni 160, sasa uko 960. Ili urudi ulipokuwa ilitakiwa asilimia 25. Vivyo hivyo ukiongezwa asilimia 5 wakati bei za vitu zimepanda 8, umeshuka, hata kama barua ya HR ina neno hongera.

Kuhusu kutaja mshahara kwa mwenzako: wengi wanadhani ni kosa kila mahali, hata la kufukuzwa kazi. Inategemea uko wapi, ila sehemu nyingi sheria iko upande wako. Marekani sheria ya 1935 inawalinda wafanyakazi wengi wa sekta binafsi wanaozungumzia malipo yao wenyewe kwa wenyewe, na Umoja wa Ulaya ulipitisha mwongozo mwaka 2023 unaotaka hata mwombaji kazi aambiwe kiwango cha mshahara, na asiulizwe alikuwa analipwa ngapi alikotoka. Soma mkataba wako na sheria ya kwako halafu uamue mwenyewe.

Shuka kwenye makato. Kila mstari uwe na jina unalolielewa, ukikuta "mengineyo" uliza. Kuna imani kwamba umevunja kitu basi bosi anakata anavyotaka. Mkataba namba 95 wa lile Shirika la Kazi Duniani, wa 1949, unasema makato yafanyike kwa masharti na viwango vya sheria, makubaliano ya pamoja (kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri) au uamuzi wa usuluhishi, na unakataza kabisa kukata mshahara ili kumlipa mwajiri au dalali kwa sababu alikupatia kazi. Unahusu nchi zilizouridhia, na nyingi zimeuridhia. Angalia pia mchango wa mwajiri kwenye mfuko wa pensheni: pale ambapo sheria inamtaka achangie cha kwake, kisitoke mfukoni mwako kwa jina lingine. Na slipu kuonyesha umekatwa haina maana hela imefika, nenda kachukue taarifa kwenye mfuko wenyewe, ulinganishe mwezi kwa mwezi.

Mwisho ni siku ya kuondoka. Wengi wanaamini ukiacha kazi mwenyewe umepoteza kila kitu, lakini siku ulizofanya ni zako, na likizo ambayo hukuchukua sehemu nyingi inalipwa. Usisaini karatasi ya "sidai chochote" kabla hawajakupa mchanganuo ulioandikwa, na hizo slipu zote zitoe kwenye mfumo wa kazini uzihifadhi kwako mapema, maana akaunti wanaifunga siku hiyohiyo.