Kilatini cha kujisomea mtandaoni: anza na mistari miwili, Virgil atakusubiri

Watu wengi wanaotaka kuanza Kilatini wanaanza vilevile nilivyoanza mimi, umeangalia video ya Warumi usiku wa manane umepagawa, kufika asubuhi umeshadaunilodi PDF thelathini. Mimi nilikuwa na folda limejaa mpaka simu inalalamika, kamusi nne, sarufi tatu za karne ya 19, na Aeneid, utenzi mrefu wa mshairi wa Kirumi Virgil, nzima vitabu vyote 12, na kwa miezi kama minane kazi yangu ilikuwa kupanga lile folda tu. Siku nilipojitutumua nikaifungua Aeneid, sentensi ya kwanza peke yake ina mistari saba. Nikakomaa nayo wiki nzima, kila neno kamusi, afu nikaacha. Sio kwamba Virgil mbaya jamani, ila kumwanzia yeye ni sawa na mtu kajifunza Kiswahili juzi ukampa utenzi wa Kiamu wa zamani umwambie haya soma.

Futa folda. Chagua kitabu kimoja cha kufundishia, kimoja tu. Kuna njia mbili kubwa. Kuna Wheelock, kilitoka 1956, sura 40, kinakueleza sarufi kwa Kiingereza halafu kinakupa mazoezi. Na kuna Familia Romana cha Mdenmark anaitwa Ørberg, sura 35, hiki hakina tafsiri hata moja, ukurasa wa kwanza unakutana na Roma in Italia est na ramani, basi, unaelewa mwenyewe, na kinaendelea hivyohivyo kinakupitisha kwenye nyumba moja ya Kirumi, baba, mama, watoto, watumwa, mpaka unashtuka unasoma kurasa nzima. Mimi niko upande wa Ørberg bila kupepesa, ila weka kitabu cha sarufi pembeni cha kuchungulia ukikwama. Kozi za kulipia sizikatai, lakini niliwahi kulipia moja mwalimu anatusomea slaidi mwanzo mwisho, kwa hiyo omba kwanza kipindi kimoja cha kuonja kabla hujatoa hela.

Sasa kitu ambacho vitabu vyote hivi havitakwambia, kwa sababu havikuandikwa kwa ajili yetu: mtu wa Kiswahili ana mtaji mkubwa hapa. Vitabu vinatumia kurasa kibao kumweleza mzungu kwamba amo ni sentensi nzima, neno moja, mtendaji yumo humohumo. Sisi tunasema napenda tangu utotoni. Amamus tunapenda, amant wanapenda, amabo nitapenda, amatur anapendwa. Tofauti ni kwamba sisi tunabandika mbele, wao wanabandika nyuma, kwa hiyo jizoeze kuangalia mkia wa neno kabla ya kichwa. Na upatanisho wa sifa ndo kabisa, puer bonus mvulana mzuri, puella bona msichana mzuri, vinum bonum divai nzuri, hiyo ni ngeli tu, tena wao wana tatu, sisi tuna msururu. Hata vile vituko vyake tunavyo. Poeta, mshairi, linaishia na -a kama maneno ya kike lakini unasema poeta bonus, wanafunzi wanalia kwa nini, na wewe hujawahi hata siku moja kusema kiongozi kizuri.

Kitakachokusumbua ni nomino kubadilika mwisho kulingana na kazi yake. Canis puerum mordet, mbwa anamng'ata mvulana. Puerum canis mordet, bado mbwa ndo anang'ata, maana ile -um imeshasema nani kang'atwa. Puer canem mordet, hapo mvulana ndo kichaa. Hii haina njia ya mkato, ni kusoma sana mpaka jicho lizoee, majedwali ya kukariri yanasaidia kidogo tu.

Matamshi usiyape siku zaidi ya mbili. Kuna ya kale, c ni k siku zote na v ni w, na kuna ya kanisani yanayofuata Kiitaliano. Kwa fasihi ya kale chukua ya kale. Kumbuka tu kwamba Caesar wao walimwita Kaisari, kama ilivyo kwenye Biblia yetu, ya Kaisari mpe Kaisari, kwa hiyo hapo tena umeshawapita wanaosema Siza. Ila irabu ndefu usizipuuze, ile alama ya mstari juu ya irabu ina maana yake: malum ni uovu, mālum ni tofaa.

Vifaa vya bure viko vingi mno na ndo vinavyopoteza watu. Perseus, ya chuo cha Tufts, ina maandishi karibu yote makubwa na ukigusa neno inakuchambulia. Logeion, ya chuo cha Chicago, ina kamusi nyingi sehemu moja. Chuo cha Dickinson wana orodha ya maneno kama 1,000 yanayojirudia zaidi, hiyo iingize kwenye Anki, ile programu ya kadi za kukariri, maneno kumi kwa siku. Basi, mengine yaache. Na hiyo ya kuchambua neno uwe nayo makini, ukiigusa puellae itakupa majibu manne, ya msichana, kwa msichana, wasichana, enyi wasichana, yote sahihi, kuchagua ni kazi yako kwa kuangalia sentensi. Akili mnemba nazo zinachambua vizuri siku hizi lakini zikikupa nukuu usiiamini kabla hujaiona kwenye maandishi yenyewe, mimi nilipewa sentensi tamu ya Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, nikatafuta barua zake zote, haimo.

Haya, sasa kusoma kwenyewe. Ukishafika kama sura ya kumi na tano ya Ørberg usisubiri kumaliza, chukua shairi la 85 la mshairi wa Kirumi Catullus, lina mistari miwili:

Odi et amo. Quare id faciam, fortasse requiris.
Nescio, sed fieri sentio et excrucior.

Maneno 14 tu. Nachukia na napenda. Kwa nini nafanya hivyo, labda unauliza. Sijui, ila nahisi inatokea, na nasulubika. Lisome kwa sauti mara kumi kwanza. Halafu hesabu vitenzi: odi, amo, faciam, requiris, nescio, fieri, sentio, excrucior. Vinane! Nomino hata moja hamna, sifa hamna, jina la mwanamke hamna. Angalia na mwendo wake, linaanza na odi na amo, yeye ndo anatenda, katikati linakuja fieri, jambo linatokea lenyewe, na linaishia na excrucior, kitenzi cha kutendwa, ameshakuwa wa kufanyiwa. Na ndani ya excrucior kuna crux, msalaba. Sisi tukisikia msalaba tunawaza kanisa, Mrumi wa wakati wa Catullus, kabla Yesu hajazaliwa, alikuwa anawaza mtumwa aliyetundikwa barabarani. Kijana wa familia yenye hela anajisemea mapenzi yamenifanya kama mtumwa msalabani. Hapo neno moja limekupeleka kusoma kuhusu utumwa Roma, na huo ndo utamaduni ninaosema, unaufuata ukitokea kwenye neno, sio unaangalia video ya masaa matatu halafu unasahau yote kesho yake.

Kitu kingine kidogo ninachompa kila anayeniuliza ni mbao za Vindolanda. Hii ilikuwa ngome ya jeshi la Kirumi kaskazini mwa Uingereza, na ardhi ya pale yenye maji ilihifadhi vibao vyembamba vya mbao vilivyoandikwa kwa wino. Picha zake na maandishi viko mtandaoni bure. Tafuta ya Claudia Severa, ni ya kama mwaka 100 BK. Anamwalika rafiki yake Sulpicia Lepidina, mke wa kamanda, kwenye siku yake ya kuzaliwa. Barua yenyewe kaandika karani, mwandiko mzuri umenyooka, halafu chini pembeni mwandiko unabadilika, umekaa hovyohovyo kidogo, ni Severa mwenyewe kashika kalamu, na ni kati ya maandishi ya zamani kabisa ya Kilatini tunayoyajua yaliyoandikwa na mkono wa mwanamke. Anasema sperabo te soror, nitakutarajia dada. Hawakuwa ndugu wa damu. Anaita dada kama tunavyoita sisi. Anamalizia vale soror anima mea, kwaheri dada roho yangu, na anamwita karissima, kwa K! Mwalimu angemkata maksi maana vitabuni ni carissima.

Tarehe ya hiyo sherehe imeandikwa iii Idus Septembres. Hapa ndo watu wanachanganyikiwa. Idus ni siku ya katikati ya mwezi ambayo Warumi walihesabia tarehe, ya Septemba ni tarehe 13, na Warumi wanahesabu mpaka siku yenyewe, 13, 12, 11, kwa hiyo ni tarehe 11. Usitoe tu 13 kasoro tatu, utapata 10 na utakosea kila barua.

Na saa je? Hapa nilicheka peke yangu. Mrumi alikuwa anagawa mchana masaa 12 kuanzia jua linapochomoza, saa ya kwanza ni asubuhi, hora sexta ni mchana jua la utosi. Saa sita! Walichotuzidi ni kwamba masaa yao yalikuwa yanarefuka na kupungua kulingana na msimu. Kwa hiyo ukifika kwenye barua ya mwandishi Plinius mdogo kwa mwanahistoria Tacitus, kitabu cha 6 barua ya 16, anapoeleza volkano ya Vesuvius kule Italia ilivyolipuka mwaka 79, anasema mama yake aliona wingu la ajabu hora fere septima. Tafsiri za Kiingereza zinalazimika kugeuza ziseme "one in the afternoon". Wewe andika kama saa saba, umemaliza. Hiyo barua ni ngumu kiasi, isome na tafsiri pembeni, haina aibu, lakini isome, kijana alikuwa na miaka 17 na mjomba wake aliyepeleka meli kuokoa watu hakurudi. Na tarehe ya mlipuko bado watu wanabishana, nakala tuliyozoea inasema 24 Agosti lakini 2018 pale Pompeii, mji uliofukiwa na mlipuko huo, yalipatikana maandishi ya mkaa ukutani yenye tarehe ya katikati ya Oktoba.

Baada ya hapo nenda kwa mshairi Martial, vijishairi vya mistari miwili mitatu vya kusemana, halafu Caesar kwenye vita vya Gallia, Ufaransa ya leo, ambaye anajiita Caesar kama anamsimulia mtu mwingine. Ukikutana na majina ya miji fungua ORBIS ya Stanford, unaweka mwanzo na mwisho wa safari, mwezi, na kama unaenda kwa meli au kwa miguu, inakupa siku na gharama.

Muda, mimi nafanya dakika 25 kila siku, kumi za mwanzo narudia nilichosoma jana bila kamusi. Kurudia ndo kunakojenga, kuliko kusonga mbele. Siku ambayo sina nguvu nasoma lile la Catullus kwa sauti nalala. Mwaka wa pili ulipokuwa unaelekea kuisha nikamrudia Virgil, mistari ileile saba inayoanza arma virumque cano, nikaifikisha mwisho na chai bado inatoa moshi, kamusi nimefungua mara mbili.